Mwaka Wetu Bora Katika Bima ya Mikopo ya Nyumba

Vijana mnaoanza kazi ya bima sasa, nasikia mna kompyuta inayotazama jina la mtu na mshahara wake, kisha inasema kama atalipa mkopo wa nyumba au hatalipa. Nawapongeza. Sisi tulikuwa tunaambiwa jambo hilohilo na wakurugenzi, nao hawakuhitaji umeme.

Mimi ni mama mstaafu. Naishi Kamachumu, nina migomba yangu na kahawa kidogo, na binti wa dada yangu ameajiriwa juzi katika kampuni inayofanya kazi kama niliyoifanya. Aliponiuliza kazi yenyewe ikoje, nilianza kumweleza tukimenya ndizi za mchana. Ndizi zikaisha kabla sijafika popote. Ndiyo maana naandika, na ninyi wengine mnaweza kusikiliza kwa nyuma yake.

Kwanza mjue tulichokuwa tunauza, kwa sababu baadhi ya wenzangu walistaafu bila kukielewa. Mtu anataka kujenga lakini hana fedha za kutosha za kutanguliza. Benki inasita kumkopesha. Kampuni yetu inaiambia benki: mkopeshe, na akishindwa kulipa, nyumba ikauzwa kwa bei ndogo kuliko deni, sehemu ya hasara tutaibeba sisi. Lishikeni hilo neno, sehemu. Haikuwa bima ya moto wala ya tetemeko. Nyumba ikipata ufa tulitoa pole kama majirani wengine, tukaendelea na safari.

Ofisi ilikuwa Bukoba mjini, ghorofani, juu ya duka la saruji na mabati. Wakubwa wa Dar es Salaam waliamini tulichagua pale kwa mkakati, ili anayenunua bati atuone. Ukweli ni kwamba kodi ilikuwa nafuu kwa sababu ya vumbi la saruji. Meneja wa tawi alikuwa Ta Laurian. Huku kwetu mwanamume wa heshima huitwa Ta, na huyu alistahili, ingawa alikuwa na tabia ya kusinzia kwenye mikutano na kuamka pale tu alipotajwa mtu anayemdharau. Ni yeye aliyenifundisha kazi.

Alinifundisha kutokuingia kwa mlango wa mbele. Mlango wa mbele umetengenezwa kwa ajili ya wageni, na mkaguzi wa bima ni mgeni anayetarajiwa. Zunguka nyuma, salimia jikoni, omba maji. Ukikuta ujenzi wa jiko umekwama kwenye lenta na sebule ina sofa mpya, umeshajua fedha zinaamuliwa na nani. Nenda mvua ikinyesha, uone maji yanaelekea wapi. Na kabla hujauliza kama mwenye nyumba atalipa, jiulize kwanza: asipolipa, nani hapa atainunua?

Kulikuwa na kijana mmoja aliyeletwa kwetu kutoka makao makuu, mpole, mwenye viatu vilivyong'aa kuliko meza zetu. Alitumwa kukagua nyumba Maruku. Akarudi na taarifa nzuri yenye picha, akaandika kwamba nyuma ya nyumba kuna bustani ya maua iliyojengewa kwa matofali. Ta Laurian akaisoma taratibu, akamuuliza kama bustani hiyo ina misalaba. Kijana akasema ndiyo, mzee, ya saruji, imepakwa chokaa. Ta Laurian akamweleza kwamba ile si bustani, ile ni familia. Kwenye kibanja cha Mhaya, mababu wamelala palepale kati ya migomba. Nyumba hata iwe ya kupendeza namna gani, hakuna atakayeinunua pamoja na babu wa mtu mwingine. Kijana akauliza kama makao makuu wanalijua hilo. Ta Laurian akamjibu kwamba makao makuu wanajua bustani.

Sasa niingie kwenye mwaka wenyewe.

Miaka ile samaki walikuwa wengi, na Muleba kulikuwa kunajengwa. Mapaa mekundu, ya kijani, ya buluu, kila mtaa. Mikopo ilitolewa, na kila mkopo ulituletea ada ya bima. Madai hayakuwepo. Hapa nawaomba mnielewe vizuri, maana ndiyo siri iliyo wazi kuliko zote katika biashara hii: mkopo mchanga haufi. Mtu aliyehamia nyumba mpya atauza hata redio alipe. Kwa hiyo kampuni inayokua haraka huwa na ada nyingi na madai machache, na hesabu za mwaka hupendeza sana. Unaweza kuita hiyo faida. Wakurugenzi wetu waliiita hivyo, wakagawana.

Kila mwisho wa mwaka tawi liliandika taarifa kwenda Dar es Salaam. Sehemu ya kwanza ilihusu mafanikio, na kila mtu ofisini alikuwa na la kuchangia. Sehemu ya pili ilihusu hatari zinazoweza kutufika. Hiyo nilipewa mimi.

Nikaenda Muleba kuwazungukia wakopaji wetu, wengi nikiingilia jikoni kama nilivyofundishwa. Kwenye makaratasi walikuwa watu wa kila aina: mwalimu, dereva, seremala, mwenye duka. Nikakuta marejesho ya mwalimu yanatoka kwa mkewe, anayekausha samaki kwa moshi. Dereva aliendesha lori la barafu la kiwanda cha samaki. Seremala alitengeneza boti. Mwenye duka aliwauzia wavuvi waliotoka mikoa mingine wakaweka kambi visiwani, watu ambao wangeondoka kama walivyokuja. Wote walikula chungu kimoja, na chungu chenyewe kilikuwa ziwani.

Mmoja tu aliandikwa waziwazi kuwa ni mchuuzi wa samaki, naye ni Mama Koku. Alinunua sangara mwaloni, boti zinapotia nanga, akakiuzia kiwanda. Alikuwa mjane, mwimbaji wa sauti ya pili katika kwaya ya usharika wake wa Kilutheri, na nyumba yake ilikuwa nadhifu kuliko zote nilizokagua. Kwa kuwa yeye peke yake alisema ukweli kwenye fomu, yeye peke yake alikuwa amewekewa alama ya hatari.

Nikaandika nilichokiona: wakopaji wetu wa Muleba, kwa majina mengi, ni mkopaji mmoja, na samaki wakipungua wataanguka pamoja. Nikapendekeza tupunguze kasi na tutenge akiba. Ta Laurian akatia sahihi bila kubadilisha neno. Taarifa ilipochapishwa, sentensi yangu ilikuwa imesafiri hadi Dar es Salaam ikarudi imevaa suti. Ilisema: "Kampuni inajivunia wakopaji kutoka sekta mbalimbali za uchumi wa Kanda ya Ziwa."

Na kwenye jalada kulikuwa na nyumba ya Mama Koku. Mkurugenzi wa Fedha mwenyewe alikuja na mpiga picha, akaichagua kwa sababu ya maua ya barazani na paa jekundu. Mama Koku alivaa kitenge cha kwaya, lakini wakamwomba asogee pembeni kidogo asizibe mlango. Tawi letu lilitangazwa kuwa bora nchini. Tukapewa cheti na saa ya ukutani.

Samaki walipungua mwaka uliofuata. Sitawadanganya kwamba nilijua siku wala mwezi, nilijua tu chungu ni kimoja. Kiwanda kikapunguza zamu, kisha kikaanza kununua mara chache. Kambi za visiwani zikaanza kubaki tupu. Lori la barafu likaegeshwa. Mwenye duka akawa anafungua nusu ya mlango. Madai ya benki yakaanza kupanda ngazi zetu, kila moja limefungwa vizuri, na miongoni mwa yale ya mwanzo kabisa lilikuwa la Mama Koku.

Nilitumwa nikaikague nyumba kabla ya mnada. Nilizunguka nyuma, na huko jikoni nikamkuta anaishi. Alikuwa amehamishia kitanda chake katika chumba cha kuhifadhia vitu kando ya jiko, na nyumba kubwa alikuwa amewapangisha wauguzi wawili na mwalimu wa sekondari. Kodi yao alikuwa anaipeleka benki kila mwezi, lakini ilikuwa haifiki rejesho kamili, na kwa benki rejesho pungufu lilihesabiwa sawa na mtu aliyetoroka.

Alinipa kigoda, akanipa kahawa ya kutafuna kama anavyopewa mgeni yeyote mwema. Nilijisikia vibaya kuipokea, nikaipokea. Alinionyesha vyumba vyote, hata vile ambavyo sikuhitaji kuviona, akiwabishia hodi wapangaji wake kwa adabu. Tulipomaliza akafuta mikono kwenye khanga yake.

"Waitu, mama," akaniambia, kwa neno letu la Kihaya la heshima na ukaribu, "wale wa picha walitaka mlango wa mbele tu. Wewe umeona yote. Kaandike yote."

Nikaandika yote. Nikasema mama huyu hajatoroka, ana wapangaji wanaolipa, na mkopo ukirefushwa, marejesho yakipungua, atamaliza. Ta Laurian akalibeba hilo mpaka benki, nami nikamfuata. Meneja wa benki alikuwa mtu mchangamfu, amehamishiwa Bukoba kutoka mkoa mwingine, anayependa kutukaribisha soda. Akatusikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema hana sababu ya kusumbuka na miaka ya nyongeza ya Mama Koku, wakati sisi tumemwahidi kwa maandishi kwamba akishindwa tutalipa. Alisema bima ndiyo imempa usingizi.

Hapo mwone jinsi biashara yetu ilivyokuwa. Tuliiuzia benki utulivu wa moyo, na utulivu huo sasa ulikuwa unamtoa mjane nyumbani. Ta Laurian hakubishana naye. Alimwomba kitu kimoja tu, kwamba siku ya mnada aje Muleba ajionee mwenyewe. Meneja akakubali, akasema hata hivyo alikuwa anataka kununua ndizi.

Mnada ulifanyika mbele ya baraza. Watu walijaa kuliko nilivyotarajia, wamevaa vizuri kama wanaokwenda ibadani, wanakwaya wenzake Mama Koku wakiwa mbele. Mwenyewe alisimama karibu na ngazi, mikono ameikunja, anawatazama wapangaji wake waliosimama dirishani. Dalali alikuwa na sauti nzuri. Akaisifia nyumba, paa, kisima, ukaribu wa barabara, akataja bei ya kuanzia. Kimya. Akaishusha. Kimya. Akaishusha tena, sasa akiwa anamtazama mtu mmojammoja usoni, na kila aliyetazamwa akawa anasoma mawingu.

Mwishowe seremala wa boti akanyoosha mkono. Dalali akaurukia ule mkono kwa furaha, akamwomba ataje bei. Seremala akauliza kama shughuli itaisha kabla ya mvua, maana ameanika mbao.

Mpaka leo sijui ule ukimya ulikuwa wa huruma au wa ukata. Nusu ya wale watu nyumba zao wenyewe zilikuwa njiani kuja kusimama palepale. Najua tu kwamba mwanakwaya mmoja alianza kulia kimyakimya, na Mama Koku akamtazama kwa ukali mpaka akanyamaza.

Meneja wa benki akamvuta Ta Laurian kando, nami nilikuwa nimesimama jirani. Akauliza, kwa sauti ya mtu aliyepata uhakika wake, sasa kwa kuwa nyumba haina mnunuzi tutamlipa lini hasara yake yote.

"Sehemu," akasema Ta Laurian.

"Sehemu ya nini?"

"Ya hasara. Robo ni yetu. Inayobaki ni yenu. Iko ukurasa wa pili, meneja. Kuna watu hufika ukurasa wa pili."

Meneja akaitazama nyumba tena, safari hii kama mtu anayeiona mara ya kwanza. Akawatazama wauguzi dirishani. Akauliza wanalipa kodi kiasi gani, na kama wanalipa kwa wakati. Nikamjibu, kwa kuwa nilikuwa nimeandika yote. Akauliza kama mama huyu anaweza kusubiriwa. Alisema hivyo kama wazo lililomjia palepale, na Ta Laurian akamsifu kwa busara yake bila hata kutabasamu. Hiyo nayo ni sehemu ya kazi, wanangu. Mwenye uamuzi mwachie sifa, wewe ondoka na uamuzi.

Wiki iliyofuata mkopo wa Mama Koku ulirefushwa, na baada ya hapo wa mwalimu, wa dereva na wa wengine. Tulikaa nao jikoni mwao, mmoja baada ya mwingine, kutafuta kila familia inaweza kula nini mbali na samaki. Mmoja alirudi kwenye kahawa ya baba yake huko Rubafu, mwingine akafungua mashine ya kukamua parachichi ambayo haikufanya kazi hata siku moja, kisha akauza ile mashine akalipia rejesho. Wachache tuliwapoteza. Seremala alihama na familia yake, na nyumba yake ilisimama tupu hadi popo wakaizoea. Sikuwahi kupita pale bila kuangalia upande mwingine.

Hesabu za mwaka huo ziliandikwa kwa wino mwekundu. Tulilazimika kutenga akiba kubwa kwa madai yote tuliyoyaogopa, na faida ikamezwa. Ta Laurian akapokea barua ya onyo kwa kushindwa kuitambua hatari mapema. Iliandikwa na ofisi ileile iliyoifuta hatari hiyo kwenye taarifa. Akaisoma mara moja, akanipa niihifadhi pamoja na cheti, akasinzia.

Kisha watu wakaendelea kulipa, kidogokidogo. Akiba tuliyoitenga kwa hasara haikuhitajika yote, na kwa sheria za uhasibu kilichobaki kilirudi kwenye hesabu kama faida. Hatukuwa tumeuza chochote kipya. Tulikuwa tumeogopa mwaka mmoja na kuacha kuogopa mwaka uliofuata, na tofauti yake ikaitwa mafanikio. Mkurugenzi wa Fedha alisema kwenye hotuba kwamba hayo ni matunda ya usimamizi makini wa makao makuu. Ta Laurian alikuwa ameshastaafu. Nilimpigia simu kumweleza, akacheka sana, kisha akaniuliza kama bado nazunguka nyuma.

Nilikuwa nimebakiza muda mfupi nami niondoke, Mama Koku alipopanda ngazi zetu. Alikuwa amemaliza mkopo wake, amerudi kulala kwenye chumba chake mwenyewe, na wapangaji alikuwa amewajengea vyumba vyao uani. Alikaa, akapumzika, akaniambia amekuja kuulizia bima. Miaka yote kwenye makato yake kulikuwa na kafungu ka bima. Sasa nyumba haikuuzwa, hakuna aliyedai kitu, na yeye angependa kujua alikuwa ananunua nini.

Ningeweza kumpa kijitabu. Nilimweleza ukweli. Nilimwambia ile bima haikuwa yake, ilikuwa ya kuilinda benki endapo yeye angeshindwa.

"Lakini nililipa mimi," akasema.

"Ulilipa wewe."

"Kuikinga benki nisiiumize."

"Ndiyo, mama."

Alikaa muda mrefu akitazama dirishani, ambako hakukuwa na cha kutazama zaidi ya lori linalopakuliwa saruji. Nilidhani amekasirika, na angekuwa na haki. Kumbe alikuwa anahesabu viti. Akaniambia binti yake Koku anaolewa, na kwamba watu ambao amewatunza kwa miaka mingi hivyo hawezi kuwaacha nje ya sherehe. Akafungua mkoba, akatoa kadi ya mchango, akaniomba nimwandikie jina la meneja wa benki kwa mwandiko mzuri.

Meneja alichanga vizuri tu, tena akaja na mkewe. Wakakalishwa meza ya ndugu wa bibi harusi, kati ya shangazi na mzee wa usharika. Muda wa utambulisho ulipofika, Mama Koku alichukua kipaza sauti mwenyewe. Akawataja kaka zake, dada zake, wanakwaya. Kisha akageukia meza ile akasema, kwa upole kabisa, kwamba hawa nao ni wa nyumbani, amewalipia bima tangu Koku akiwa darasa la tatu, na anamshukuru Mungu wamekua na afya njema.

Watu wakapiga vigelegele. Meneja wa benki akasimama, akafunga kifungo cha koti lake, akawapungia mkono.